Cheti cha kiangazi cha The Hague si leseni ya uwakili
Wapo wanafunzi wa sheria wanaoamini kwamba wiki tatu za masomo ya kiangazi katika Chuo cha Sheria ya Kimataifa cha The Hague, Uholanzi, humpa mtu shahada au haki ya kusimama mahakamani kama wakili. Si kweli, na inauma kuona familia ikikopa nauli kwa tumaini hilo. Chuo hicho, kilichoanza kufundisha mwaka 1923 katika Kasri la Amani, jengo lile lile ilimo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huendesha mihadhara kwa Kiingereza na Kifaransa, na asiyejua lugha mojawapo huvaa visikilizi afuate ukalimani wa papo kwa papo. Anayehudhuria ipasavyo hupewa cheti cha mahudhurio, basi. Diploma ipo, ila ina mtihani wake mgumu na wanaoipata ni wachache mno. Anayetaka uwakili Tanzania bado atapitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo. Faida ya safari, nayo ni kubwa, imo katika mihadhara yenyewe, wenzako kutoka mataifa mengi na maktaba ya Kasri. Tena chuo hutoa ufadhili, kwa hiyo omba kwanza kabla ya kukopa.