Pedi nene haipozi kadi ya grafiki zaidi

“Fundi, nimeweka zile nene ili zibane vizuri, lakini sasa inachemka kuliko mwanzo.” Huyo ni wa tatu mwezi huu. Kadi yake ni RX 580, toleo la 2017. Pasta mpya ya kupitisha joto kapaka, pedi mpya (vipande laini vya kupitisha joto) kaweka, ila ni za milimita 2 mahali penye pengo la milimita 1. Nilipoifungua nikakuta pasta ya juu ya GPU, chipu kuu ya kadi, bado ina umbo la tone alilolidondosha. Hitisinki, yaani chuma cha kupoza, haikuwahi kuigusa sawasawa.

Nitalieleza tena, ingawa najua wa nne yuko njiani. Hitisinki ni moja, na inalalia vitu vyenye vimo tofauti. GPU ndiyo yenye joto kubwa, ndiyo inayokutana na chuma kwa pasta peke yake. Memori na vipande vya umeme vinabaki na pengo, na pedi kazi yake ni kuliziba pengo hilo, basi. Ukizidisha unene unainyanyua hitisinki, kama meza iliyowekewa jiwe chini ya mguu mmoja. Ukikaza skrubu kwa nguvu ili ishuke, unaipinda bodi. Ukipunguza unene, memori inabaki hewani.

Wengine huniuliza, “Sasa RX 580 inataka milimita ngapi?” Jina la chipu halijibu swali hilo. Kila mtengenezaji wa kadi ana hitisinki yake, na hata kadi moja inaweza kutaka 1 kwenye memori na 1.5 au 2 kwenye umeme. Pima! Usipime pedi ya zamani pale ilipobanwa na chipu, pima ukingo uliobaki nje. Kama imekatika-katika, chukua udongo wa kuchezea wa watoto, uzungushie nailoni nyembamba, uweke juu ya chipu, funga skrubu zote, fungua, kisha upime ulivyobaki. Chagua pedi laini inayozidi kipimo hicho kidogo tu. Ukishafunga, fungua tena mara moja: pasta ya GPU iwe imetandazika nyembamba, na kila pedi iwe na alama ya chipu. Utapoteza pasta kidogo, sawa.

Halafu kuna wanaonunua namba. Eti pedi ya 12 W/mK (kipimo cha kupitisha joto) lazima iishinde ya 6. Tupige hesabu: chipu ya memori ya GDDR5 ina milimita 12 kwa 14, tuseme inatoa wati 2. Pedi ya milimita 1 yenye 6 W/mK inaongeza kama digrii 2. Ya 12 inaongeza digrii 1. Hiyo digrii moja ndiyo uliyoilipia. Tena pedi za namba kubwa mara nyingi ni ngumu, hazibonyei. Kwa kadi ya RTX 3090, yenye memori ya GDDR6X inayowaka kweli na nusu ya chipu zake zikiwa nyuma ya bodi, hapo sibishani na mtu, nunua nzuri.

Mafuta yanayotoka kwenye pedi za zamani si dalili kwamba kadi imeungua. Ni silikoni, futa kwa spiriti. Kupaka pasta ya kawaida badala ya pedi hakusaidii, maana haizibi pengo la milimita nzima.

Mimi kwa kadi kuukuu ambayo vipimo vyake havijulikani siku hizi natumia puti ya joto badala ya pedi (si ile ya wanyoosha bodi za magari). Inachafua mikono, lakini inajitandaza yenyewe kufuata pengo na hainyanyui kitu.

Na toa filamu ya plastiki ya pedi pande zote mbili. Upande wa chini watu wanaukumbuka. Wa juu ndio ninaoukuta mimi.