Phil Collins na lile roli: dhana zinazonichosha

Wiki iliyopita kijana mwingine kaja kwenye darasa langu la dramu, simu mkononi. "Mwalimu, nifundishe lile roli la Phil Collins." Alitaka ule mfululizo wa mapigo ya haraka ya ngoma, maarufu katika wimbo wake "In the Air Tonight". Nikamuuliza anamjua Collins kwa lipi jingine. "Si yule mwimbaji wa nyimbo za mapenzi za Jumapili? Nasikia na dramu alikuwa anajaribu."

Anajaribu! Maneno hayo nimeyasikia kwa watoto, kwa wazazi wao, hata kwa wapiga gitaa wenye mvi. Leo nayajibu, nipumzike.

"Ni mwimbaji aliyekuwa akigusagusa dramu." Mambo yalikwenda kinyume kabisa. Collins, mzaliwa wa London mwaka 1951, aliingia Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 1970 kama mpiga dramu. Siku ya majaribio, nyumbani kwa wazazi wa Peter Gabriel, mwimbaji wa bendi, alifika mapema, akaambiwa akaogelee kwanza. Akiwa bwawani akawa anawasikiliza waliomtangulia, na zamu yake ilipofika vipande vyote vilikuwa vimeshamkaa kichwani. Miaka mitano ikapita yuko nyuma ya dramu, akiitikia, na kuongoza wimbo mmoja mmoja tu.

Yule kijana nilimwekea "Supper's Ready" ya Genesis, ya mwaka 1972, wimbo wa dakika 23 hivi, nikausogeza hadi kipande kinachoitwa "Apocalypse in 9/8". Haya, hesabu. Besi na gitaa vinazunguka mapigo tisa: tatu, mbili, nne, tatu, mbili, nne. Juu yake kinanda cha Tony Banks kinakwenda na hesabu zake, kama hakina habari na hiyo tisa. Katikati yuko Collins, huku anashikana na besi, huku anamjibu mpiga kinanda, wala hapotei. Kijana wangu alipotea mzunguko wa tatu. Tukarudia, akapotea wa pili.

Wala si Genesis peke yake. Miaka hiyohiyo alikuwa akipiga jazi ya umeme na kundi la Brand X. Mwaka 1975 alipiga kwenye albamu ya mwanamuziki Brian Eno, na mwaka 1984 wasanii wa Uingereza walipokusanyika kurekodi wimbo wa Band Aid kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, aliyekaa kwenye dramu ni yeye. Waimbaji walikuwa wamejaa chumba kizima. Yeye aliitiwa mikono.

Turudi kwenye roli, maana ndilo linaloniletea wateja. "In the Air Tonight" ilitoka mwaka 1981, na hilo roli ninalifundisha kwa dakika kumi. Mtoto wa miaka tisa analipiga. Kazi iko kabla yake: linaingia wimbo ukiwa umeshapita dakika tatu na nusu. Muda wote huo unasikia kimashine cha mapigo, kinanda na sauti ya mtu mwenye hasira anayejizuia. Mpiga dramu, wimbo wake mwenyewe, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, na hagusi ngoma! Wanafunzi wangu hawawezi kukaa baa nne, yaani vipimo vinne vya muziki, bila kugonga simbali, vile visahani vya shaba. Nikiwaambia "subiri", wananiangalia kama nimewanyima chakula.

"Lakini ile sauti si ni mashine?" Kimashine kipo, Roland CR-78, ndicho kinachotikatika tangu mwanzo. Roli ni ngoma za kweli. Ule mshindo ulizaliwa kabla ya hapo, katika studio ya Townhouse, London, wakati Collins akipiga kwenye albamu ya tatu ya Gabriel, iliyotoka mwaka 1980. Studioni palikuwa na maikrofoni ya kuwasiliana tu na fundi, iliyopitia kompresa kali, kifaa kinachopandisha sauti ndogo, ili hata mnong'ono usikike. Fundi Hugh Padgham akaiacha wazi Collins akipiga. Chumba kizima kikanguruma. Wakaongeza geti, kifaa cha kukata sauti: ngoma ikilia, mwangwi unajaa, halafu unakatwa ghafla kama mlango uliofungwa na upepo. Gabriel naye alikuwa amepiga simbali marufuku, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuuchafua ule mwangwi. Ndiyo maana nawaambia wanaonunua programu za "sauti ya Collins": vua simbali kwanza, kisha tuzungumze.

"Alimfukuza Gabriel." Gabriel aliondoka kwa hiari yake mwaka 1975. Bendi ikajaribu waimbaji kibao, na Collins ndiye aliyekuwa akiwaimbia nyimbo ili wajifunze, hadi ikaonekana anawashinda wote. Na mtu uliyemfukuza hakuiti ukampigie dramu miaka minne baadaye.

"Aliigeuza Genesis kuwa bendi ya pop." Maneno ya "Follow You Follow Me", wimbo wa mwaka 1978 uliowafungulia redio, ni ya Mike Rutherford, mwenzake katika bendi. Huyo huyo baadaye akaunda bendi ya pop, Mike + the Mechanics. Lawama igawanywe.

"'In the Air Tonight' unahusu mtu aliyeachwa azame." Unahusu talaka. Hadithi ya kuzama Collins ameikanusha mara nyingi, basi.

"Aliacha dramu kwa uvivu." Hili linaniudhi kwa namna nyingine. Katika ziara ya Genesis ya mwaka 2007 aliumia pingili za shingo, na mishipa ya fahamu ikaathirika; mikono ikakataa. Kwa albamu yake ya mwaka 2010 alifunga vijiti mikononi kwa utepe ili aweze kupiga. Nikiwasumbua na urefu wa kiti na mgongo ulionyooka msinione mzee msumbufu. Aliporudi kwenye ziara mwaka 2017 aliimba ameketi kwenye kiti, na nyuma yake, kwenye dramu, alikuwa mwanawe Nic, miaka 16, akingoja dakika zake tatu na nusu.