Mwezi, bamvua na ufuo wa Wasini

Wengi wanaoniuliza hapa Nairobi kuhusu kisiwa cha Wasini, kilichopo pwani ya kusini ya Kenya, huchagua tarehe kwa kuangalia sikukuu na tiketi za treni ya Mombasa. Mimi, kama mtu wa ikolojia ya bahari, huwaomba waangalie mwezi kwanza, kwa kuwa ufuo ulio na viumbe wengi zaidi pale hufunikwa na kufunuliwa na maji mara mbili kwa siku.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaribia kuwa katika mstari mmoja, mvuto huungana, na ndipo huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4. Kwa bahati njema, maji ya bamvua hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Baadaye saa hiyo husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, na juma moja likipita huwa ni maji mafu, ambayo hushuka kidogo tu.

Karibu na kijiji cha Wasini ipo bustani ya matumbawe, ambamo kikundi cha akina mama wa kisiwani kina njia ya mbao juu ya tope. Miamba ile iliyochongoka ni matumbawe yaliyokuwa hai takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa.

Hata hivyo, ningependa mgeni akawie zaidi penye mikoko. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, husimamisha mizizi yake juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, kwa sababu tope lile lina uhaba wa oksijeni, nayo mizizi hupumua hewani maji yakipwa. Hapo kaa dume hupunga gando lake moja kubwa kuwaita majike, huku kaa wa aina nyingine wakiburuta majani makavu hadi mashimoni, kazi inayozuia virutubishi visichukuliwe na maji. Naithamini kazi hiyo kuliko pomboo wa hifadhi ya bahari ya Kisite iliyo jirani, wanaopigwa picha na kila mtu.

Kati ya Septemba na Aprili utawakuta pia vitwitwi, ndege wa ufuoni waliotoka Siberia. Wao hula maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo anayewakurupusha huwanyima chakula cha safari ya kurudi.

Siku ya bamvua, anzeni saa mbili na nusu, maji yangali yanashuka, na mgeuke mara yanapoanza kurudi, kwani vijito vya mikokoni hujaa mapema.