Je, wajua kwa nini polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki walihifadhi harufu za watu kwenye chupa?

Katika Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, kuandika kipeperushi cha kuipinga serikali na kukiacha njiani usiku lilikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Mwandishi hakutia jina, na aliyekuwa mwangalifu aliugeuza hata mwandiko wake. Lakini Wizara ya Usalama wa Taifa, iliyojulikana kwa kifupi kama Stasi, iliamini kwamba kuna kitu kimoja ambacho binadamu hawezi kukibadili, nacho ni harufu ya mwili wake.

Kipeperushi kilichookotwa kilifunikwa kwa kitambaa safi ili kitambaa kinyonye harufu ya aliyekishika, kisha kitambaa hicho kikatiwa katika chupa ya kioo yenye mfuniko usiopitisha hewa. Mshukiwa naye aliitwa kuhojiwa, akakalishwa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa kingine, na alipoondoka kitambaa chake kikawekwa katika chupa yenye maelezo yake. Yule ambaye hawakutaka kumshtua, waliingia nyumbani kwake kwa siri wakachukua nguo aliyoivaa. Kazi ya kulinganisha harufu hizo aliachiwa mbwa aliyefunzwa, shahidi ambaye hakuna mtuhumiwa angeweza kumuuliza swali.

Hata hivyo, chupa zilikuwa msaada tu. Tegemeo kuu la Stasi lilikuwa watu. Mwaka 1989, katika nchi yenye wakazi wapatao milioni 16, wizara hiyo, iliyokuwa chini ya Erich Mielke tangu 1957, ilikuwa na watumishi wapatao 91,000 na mashushushu wa siri wapatao 189,000, wakiwamo majirani, wafanyakazi wenza na hata ndugu. Taarifa zao, pamoja na zile zilizotokana na barua zilizofunguliwa kwa mvuke na simu zilizosikilizwa, zilijaza majalada ambayo yakipangwa wima rafuni yanafikia urefu wa takriban kilomita 111.

Tangu Januari 1992 raia wameruhusiwa kuyasoma majalada yao. Miongoni mwa waliosoma ni mwanasiasa Vera Lengsfeld, aliyefungwa mwaka 1988 kwa upinzani wake, naye akagundua kwamba shushushu aliyeandikwa humo kwa jina la bandia "Donald", aliyeripoti habari zake kwa miaka mingi, alikuwa mume wake mwenyewe.