Kisu cha zawadi kinapovuka mpaka: sheria ya kuangalia ni ya huko kinakokwenda

Likizo zikiisha, ndugu zetu wa Mbeya na Iringa wanaoishi ughaibuni huondoka na mchele wa Kyela, kahawa ya Mbozi, na baadhi yao sime yenye ala ya ngozi. Mchele na kahawa vina taratibu zake, leo nazungumzia visu. Inauma kuona mtu mwema akitaifishiwa zawadi, pengine na kufunguliwa mashtaka, kwa sababu tu hakuna aliyemweleza mapema.

Forodha nyingi hazianzi kwa kuuliza unataka kukifanyia nini kisu. Zinakitazama chenyewe: kinafungukaje, kina makali pande ngapi, bapa lina urefu gani. Na kila nchi imejiwekea vipimo vyake.

Tuichukue hiyo sime. Ina ncha kali na makali pande zote mbili. Japani ilibadili sheria yake, na tangu mwaka 2009 kumiliki kisu cha makali pande mbili chenye bapa la sentimita 5.5 au zaidi bila kibali ni kosa. Sime ya kawaida inakizidi kipimo hicho mara kadhaa, kwa hiyo hata kuitundika ukutani sebuleni ni kosa.

Uingereza yenyewe inatazama zaidi namna kisu kinavyofunguka na umbo lake. Kisu cha springi, kile kinachochomoka ukibonyeza kitufe, kimepigwa marufuku kuingizwa huko tangu sheria ya mwaka 1959. Tarehe 24 Septemba 2024 England na Wales ziliongeza mapanga na visu vyenye ncha kali na bapa la zaidi ya inchi 8, endapo pia vina alama kama meno ya msumeno, miiba au matundu zaidi ya moja. Panga letu la shambani, lisilo na madoido hayo, halimo katika katazo hilo. Lile la kiwandani lenye meno mgongoni ndilo la kuliogopa.

Marekani na Kanada ni majirani, lakini hazifanani. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1958 inazuia visu vya springi, ila tangu 2009 imeviacha vile ambavyo lazima uanze kulisukuma bapa kwa mkono ndipo springi isaidie. Kanada inakataza hata kisu kinachofunguka kwa kupungwa tu, kikiwemo kile cha kipepeo, ambacho mpini wake wa vipande viwili hulifunika bapa.

Tena, ruhusa ya kuingiza si ruhusa ya kutembea nacho. Uingereza, kisu unachoweza kubeba hadharani bila kutoa sababu ni cha kukunja ambacho bapa lake halijikazi likishafunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kikizidi hapo, uwe na sababu ya kueleweka, kama vile kazi.

Usisahau mpini. Pembe ya ndovu ni nyara ya serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa kubwa hapa hapa Tanzania, kabla hujafika popote. Na ukipandia ndege Songwe, kisu kikae kwenye begi linalokwenda kwenye buti la ndege, si la mkononi.

Wafanyabiashara wa Tunduma na Kasumulu, Zambia na Malawi hazimo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki. Shehena ya mapanga inayovuka ni mauzo ya nje: inatolewa tamko upande huu, kisha tamko jingine upande wa pili. Kama yametengenezwa nchini, ulizia cheti cha uasili cha SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), kinachoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi; kinaweza kukupunguzia ushuru.

Kwa anayetuma kifurushi, usiandike “zawadi” peke yake kwenye fomu. Andika kilivyo: “kisu cha jikoni, si cha kukunja, makali upande mmoja, bapa sentimita 15”. Kama ni cha kukunja, eleza pia kinavyofunguka.