Kadi ya chipu: kinachotokea unapoichomeka au kuigusisha

Kadi ya chipu ni kadi ya benki yenye kompyuta ndogo ndani yake. Kile kibati cha rangi ya dhahabu au fedha kinachoonekana mbele ya kadi si chipu yenyewe. Ni mahali pa kugusana tu, ambapo mashine ya malipo huipa kompyuta hiyo umeme na kuzungumza nayo. Chipu imefichwa nyuma ya kibati hicho, na ndani yake umehifadhiwa ufunguo wa siri ambao haujawekwa humo ili utoke. Mashine ya malipo haiusomi, mwenye kadi haujui, na chipu yenyewe imeundwa isimpe mtu yeyote hata akiiomba. Usalama wote wa kadi hizi umesimama juu ya jambo hilo moja.

Ili kuona uzito wake, inafaa kuanza na kilichotangulia, yaani ukanda mweusi wa sumaku ulio mgongoni mwa kadi. Ukanda huo ulizaliwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1960. Mhandisi Forrest Parry alikuwa akihangaika kuubandika juu ya plastiki, gundi ikawa inamsumbua, na mkewe Dorothea, aliyekuwa akipiga nguo pasi, akamshauri ajaribu pasi. Ikakubali. Wazo hilo la nyumbani lilikuja kubeba malipo ya dunia kwa miongo kadhaa.

Kasoro ya ukanda ni kwamba hauwezi kufikiri. Unafanya kazi kama kanda ya kaseti: kilichorekodiwa ndicho kinachosikika, na kila mwenye kifaa cha kuisoma atasikia kilekile. Humo mna namba ya kadi, jina la mwenye kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu chache za uhakiki. Hazibadiliki leo, kesho wala mwakani. Kwa hiyo mwizi hakuhitaji kukuibia kadi. Alihitaji kuipitisha mara moja tu kwenye kisomaji kidogo kinachoenea kiganjani, au kubandika kisomaji bandia mdomoni mwa mashine ya kutolea pesa na kamera ndogo juu yake ya kunasa namba ya siri. Baada ya hapo aliandika data ileile kwenye kadi tupu. Kadi yako ikawa mfukoni mwako huku pacha wake akinunua vitu mji mwingine, na benki haikuwa na njia ya kujua ni ipi halisi, maana zote mbili zilisema maneno yaleyale.

Tena wizi wa namna hii ulifanyika kwa wingi mno. Mwishoni mwa mwaka 2013 wahalifu waliingiza programu ya kijasusi kwenye mashine za malipo za maduka ya Target nchini Marekani, wakachota taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Hakuna mteja hata mmoja aliyekosea. Walilipa tu, kama walivyozoea.

Chipu inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Ukiichomeka kadi, mashine huipelekea chipu maelezo ya malipo hayo: kiasi, aina ya sarafu, tarehe, pamoja na namba iliyobuniwa papo hapo bila mpangilio. Chipu nayo huongeza hesabu yake, kwani inakumbuka imeshafanya miamala mingapi tangu itengenezwe. Huchanganya vyote hivyo na ule ufunguo wa siri, ikakokotoa msimbo mfupi na kuurudisha. Mashine huupeleka benki. Benki inaweza kuupata ufunguo huohuo kwa upande wake, kwa hiyo hurudia hesabu ileile. Majibu yakifanana, kadi ni halisi, na kiasi hakijachezewa njiani.

Fikiria kitendawili kipya kinachotegwa kila unapolipa, ambacho jibu lake wanalijua wawili tu duniani. Mwizi akitegesha sikio na kunasa kila kitu, anaondoka na jibu la kitendawili ambacho hakitategwa tena. Akilileta mara ya pili, ile namba isiyo na mpangilio imebadilika, hesabu ya miamala imesonga mbele, na benki inalikataa. Kuiga kadi kungemlazimu aupate ufunguo wenyewe, na chipu zimejengwa kwa ugumu wa makusudi dhidi ya wanaojaribu kuzifumua.

Kuna ulinzi mwingine mdogo ambao wengi hawausikii, nami nauona wa busara sana. Tarakimu za uhakiki zilizomo ndani ya chipu si sawa na zile za ukanda wa sumaku wa kadi hiyohiyo. Mwizi akinasa data wakati chipu inasomwa, kisha akaiandika kwenye ukanda wa kadi bandia, benki iliyo makini inaona tofauti na kukataa. Ukanda nao hubeba alama inayoiambia mashine kuwa kadi hii ina chipu, ndiyo maana ukiipitisha kwa ukanda unaambiwa uichomeke. Mwanya unabaki pale mashine inapokubali kurudi kwenye ukanda kwa sababu chipu “haisomeki”, na wezi wamewahi kuharibu chipu makusudi ili wafike hapo.

Tusichanganye chipu na namba ya siri. Chipu inathibitisha kwamba kadi ni halisi. Namba ya siri inathibitisha kwamba anayeishika ni mwenyewe. Uingereza iliviunganisha vyote viwili, na kuanzia tarehe 14 Februari 2006 mwenye kadi ya aina hiyo alitarajiwa kubonyeza namba yake dukani. Marekani ilipofuata, benki nyingi ziliendelea na saini kwenye kadi za mkopo, kwa hiyo kadi bandia zilizuiwa lakini kadi iliyoibwa kwa mkono haikupata kizuizi cha maana. Hata muungano huo una nyufa zake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kifaa kikiwekwa katikati ya kadi iliyoibwa na mashine, kinaweza kuiambia mashine kuwa namba ya siri ni sahihi huku kadi ikiaminishwa kuwa mteja anatia saini. Hesabu za siri hazikuvunjwa. Walichokipata watafiti ni kasoro katika mazungumzo ya kadi na mashine, na walifanya jambo jema kuisema hadharani, kwa sababu wateja walioibiwa walikuwa wakiambiwa bila shaka wametoa namba zao wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mabadiliko yalichelewa hivyo. Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kadi yenye chipu mwaka 1974, na benki za Ufaransa zilikuwa zimeshazitumia kwa kadi zao kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanuni za kimataifa, zinazoitwa EMV kwa herufi za mwanzo za Europay, Mastercard na Visa, ziliandikwa katikati ya miaka hiyohiyo. Ila kubadilisha mashine zote na kadi zote ni gharama kubwa, na maadamu hasara ilimwangukia mwingine, hakuna aliyekuwa na haraka.

Kilichozisukuma pande zote ni kanuni ya kuhamisha mzigo wa hasara. Nchini Marekani ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015: malipo ya kadi bandia yakitokea, hasara hubebeshwa yule ambaye hakuwa tayari kwa chipu. Benki ikitoa kadi ya chipu na duka likabaki na mashine ya ukanda, duka ndilo linalolipa. Pampu za mafuta, ambazo mashine zake ni ghali kubadili, ziliongezewa muda hadi Aprili 2021. Matokeo yalionekana. Visa ilitangaza kwamba kwenye maduka ya Marekani yaliyobadilisha mashine, hasara ya kadi bandia ilikuwa imeshuka kwa asilimia 76 kufikia Desemba 2018, ikilinganishwa na Septemba 2015.

Kadi ya kugusisha ni chipu ileile iliyoongezewa antena, waya mwembamba uliozungushwa ndani ya plastiki. Haina betri; hupata umeme kutoka kwenye mawimbi ya mashine ikiwa imesogezwa sentimita chache tu. Msimbo wa mara moja hukokotolewa vilevile. Watu wengi wanaogopa kwamba mtu aliyejibanza nao kwenye umati anaweza kuwanyonya pesa kwa kisomaji. Atakachoweza kupata kwa kawaida ni namba ya kadi na tarehe ya mwisho, lakini si ufunguo, wala zile tarakimu tatu zilizochapishwa nyuma. Na ili atoze kweli, anahitaji akaunti ya mfanyabiashara yenye jina na benki nyuma yake, yaani anaacha nyayo.

Hatari ya karibu zaidi ni kadi iliyodondoka. Kugusisha hakuhitaji namba ya siri kwa kiasi kidogo, basi aliyeiokota anaweza kuitumia mpaka uizuie. Ndiyo sababu huwekwa kikomo cha kila mguso, na baada ya miguso kadhaa mfululizo kadi hudai namba ya siri. Nchini Uingereza kikomo kilianza na pauni 10 mwaka 2007, kikafika pauni 100 Oktoba 2021. Ukipoteza kadi, dakika za kwanza zina thamani. Izuie kwanza, uitafute baadaye.

Lakini wezi hawakuacha kazi. Walihamia mahali ambapo chipu haiwezi kusema lolote, yaani ununuzi wa mtandaoni na wa simu, ambako unaandika namba tu. Huko kadi inarudia udhaifu wa ukanda: maneno yaleyale kila mara. Dawa zilizobuniwa zinajaribu kurejesha kile kitendawili kipya. Simu iliyounganishwa na kadi ya benki kwa ajili ya kulipia huhifadhi namba mbadala, iitwayo tokeni, badala ya namba halisi. Benki nazo hutuma msimbo wa mara moja au kukutaka uidhinishe malipo kwenye programu yao.

Sasa mwizi anachokiomba ni msimbo huo. Hupiga simu akijifanya ofisa wa benki, anasema kuna malipo ya kutia shaka, anakuhimiza usome tarakimu ulizotumiwa “ili ayafute”. Ukizisoma, umemjibia kitendawili kwa mdomo wako mwenyewe. Ujumbe wa uthibitisho mara nyingi huandika kiasi na jina la duka. Yasome hayo kwanza, na kama hukununua kitu, kata simu, kisha piga ile namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako.