Zabibu, ukwaju na figo za mbwa

Mfugaji wa mbwa hapa Dodoma ukimuuliza anaogopa sumu gani, atakutajia ya panya na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sawa, zote zinaua. Ila hizo hufichwa juu ya kabati, wakati beseni la zabibu linakaa mlangoni msimu mzima.

Kwa miaka mingi haikujulikana kwa nini zabibu huharibu figo za mbwa. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo wa Marekani walielekeza kidole kwenye asidi ya tatariki, ambayo imejaa pia kwenye ukwaju. Kwa hiyo machicha ya juisi ya ukwaju yasitupwe pale mbwa anapofukua. Kiasi cha asidi hubadilika kwa aina ya zabibu na kuiva kwake, ndiyo maana mbwa mmoja hula kichala asidhurike na mwenzake akafa. Madhara yameshaonekana kwa karibu gramu 20 za zabibu mbichi kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Kwa zabibu kavu, gramu 3 tu. Mbwa wa kilo 15 anafikia hapo kwa gramu 45 za zabibu kavu, yaani konzi moja. Hivyo sikubali hesabu ya "amekula chache tu".

Kinachowaponza wengi ni kutapika. Mbwa hutapika siku ileile, mwenyewe anasema sumu imetoka. Kesho yake amezubaa na chakula hakitaki. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu mkojo unapungua, na ukikatika kabisa, kumrudisha ni kazi ngumu mno.

Ukimkuta bado anatafuna, mpigie daktari wa mifugo hapohapo. Ndani ya saa mbili za mwanzo anaweza kukuagiza umtapishe kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: mililita 1 kwa kilo, isizidi 45 hata kwa mbwa mkubwa. Soma chupa kwanza, maana ya asilimia 6 na ile ya saluni huunguza tumbo. Mbwa aliyelegea au anayetetemeka asitapishwe, atapaliwa. Vivyo hivyo aliyekunywa mafuta ya taa, jiki au maji ya betri: yakipanda tena yanaunguza koo, na mafuta ya taa huingia mapafuni. Maji ya chumvi hapana kabisa, chumvi yenyewe ni sumu kwake. Maziwa hayasaidii figo, na mkaa wa jikoni uliosagwa haufanyi kazi ya mkaa wa dawa.

Kliniki atawekewa dripu, kwa kawaida saa 48, na kreatinini ya damu, taka inayopanda figo zikilegea, ipimwe kila siku hadi siku ya tatu. Kipimo cha siku ya kwanza kikiwa kizuri usimchukue ukaondoka naye: figo huchelewa kuonyesha.

Kwa wanaokamua mvinyo nyumbani, makapi yanayochacha yana asidi ileile na pombe juu yake. Yafukieni shimoni, au funikeni kwa bati lenye mawe. Turubai mbwa analichana kwa usiku mmoja.